Upara wa Mpini wa Mzee Arvid

"Usikate!"

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na najua wapo waliolala vibaya. Verna Stolpe, fundi wa mipini, alikuwa ameinamia bastola ya marehemu Arvid Haugen, tupa mkononi, pumzi kaibana kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Chale ya kwanza ilikuwa karibu kuingia. Mara mlango wa gereji ukabamizwa na ukelele huo ukapigwa.

Aliyeupiga ni nani? Si malaika, msijipe moyo. Ni Orrin Haugen, mwana wa marehemu, uso mwekundu kama bata mzinga aliyetajiwa tarehe ya sikukuu.

"Usikate, Bi Verna! Weka hiyo tupa chini!"

"Salamu kwanza," alijibu Verna bila kuinua kichwa. "Hata mwizi siku hizi hubisha hodi."

"Umeshakata?"

"Swali zuri. Ungeniulizia kanisani, nisingekuwa nakata Jumapili."

"Kanisani hukuja!"

"Ndiyo maana nimekata."

Orrin akajifuta jasho kwa kofia. Aliishika kofia kwa mkono ule wenye dole gumba fupi. Ncha ya dole hilo ilibaki kwenye mashine ya kufunga majani alipokuwa kijana, na watu wa Tabor Creek husema ile mashine ndicho kitu pekee kilichowahi kumnyang'anya Orrin chochote.

Verna akainua shavu moja la mpini na kulielekeza kwenye taa.

Mashavu ndivyo anavyoviita vile vibao viwili vya plastiki ya kahawia vinavyoufunika mpini wa bastola, kushoto na kulia. Na ile mistari inayokatwa juu yake ili mkono usiteleze, anaiita chale. Chale za kwenda, chale za kurudi, zikipishana zinazaa vialmasi vidogo, kila kimoja na ncha yake. Mpini mzee hupoteza ncha hizo. Huanza kuwa butu, kisha laini, kisha panabaki upara unaong'aa kama kichwa cha mchungaji. Hapo ndipo watu hupanga foleni kwa Verna. Haujapata kutoka mpini kwake ukiwa na upara, na asiyelijua hilo hajapata kukaa naye meza moja, maana angeambiwa kabla ya supu.

"Shavu la kushoto nimelimaliza jana," alisema. "Litazame. Pitisha kidole. Taratibu, litakuuma."

Orrin akalitazama shavu la kushoto. Vialmasi vilikuwa vimesimama safu kwa safu, vikali kama meno ya mtoto wa paka.

"Hilo sawa," alisema haraka. "Hilo limetoka vizuri sana. Je, la kulia?"

"La kulia ndilo hili. Ungechelewa pumzi moja, lingekuwa limeonja tupa."

Orrin akakaa juu ya ndoo. Ndoo ilikuwa na maji. Hakusimama.

Sasa nyinyi mnaosoma huku mnasonga ugali mtauliza, mtu mzima anakalia maji kwa sababu ya kipande cha plastiki? Subirini niwaambie yaliyotokea asubuhi ile ile kanisani, kwenye ukumbi wa kahawa, mbele ya birika na watu wasiokuwa na haraka ya kurudi nyumbani.

Marlys Haugen, dada yake Orrin, aliweka kikombe chini akasema mbele ya watu wote:

"Orrin, tumalizane leo, nimechoka. Nyumba chukua. Ng'ombe chukua. Trekta chukua, na ile isiyowaka pia chukua. Mimi naitaka bastola ya baba tu, kwa ajili ya pale penye upara."

Mchungaji alibaki na keki mdomoni.

Yeyote aliyemjua Mzee Arvid alielewa. Alikuwa naibu wa sherifu mpaka akastaafu. Kiharusi kilipompiga, upande mmoja wa mwili ukafa na ulimi ukafa. Miaka miwili alikaa kwenye kiti dirishani, bastola yake juu ya goti, tupu, maana risasi zote Marlys alishazimwaga mtoni. Kutwa nzima mzee alikuwa akiusugua mpini kwa dole gumba, mahali pale pale, kama bibi wa Kikatoliki na tasbihi yake. Ndiyo yalikuwa mazungumzo yake. Marlys akimlisha, dole linakwenda. Marlys akimsomea gazeti, dole linakwenda. Siku lilipoacha kwenda, Marlys ndiye aliyeona kwanza.

Na Orrin? Orrin alifika pale Krismasi na Pasaka, ili wasimsahau sura. Miaka kadhaa nyuma aliuza farasi wa baba yake bila kumuuliza. Mzee akaapa mbele ya watu kwamba hatamsemesha tena mpaka kufa. Kisha kiharusi kikaja kumsaidia kukitimiza kiapo. Bahati ya wenye msimamo.

Basi pale ukumbini Orrin alimkamata dada yake mkono akautikisa kama mtu anayepiga pampu ya kisima. Amekubali! Nyumba, ng'ombe, trekta mbili, kwa bastola moja kuukuu! Wanaume walitazamana. Hata birika lilitoa mvuke wa huzuni.

Alikuwa ameshafika mlangoni, kofia kichwani, alipomsikia mke wa mchungaji akisema:

"Eti Verna anayakata upya mashavu yote mawili ya ile bastola. Ameniambia mwenyewe. Itakuwa kama imetoka kiwandani."

Hapo ndipo Orrin alipokimbia.

"Mimi nilikwambia shavu moja!" alilia sasa, akiwa bado juu ya ndoo. "Nilikwambia la kushoto tu! Nani alikutuma la kulia?"

"Nilidhani ni ubahili wako."

"Haukuwa ubahili!"

"Ningejuaje? Huwa unavaa nguo ile ile." Verna alivua miwani. "Mwanangu, mimi siwezi kumrudisha mtu mjini amenyolewa ndevu upande mmoja. Shavu jipya huku, shavu la mzee kule, watu watasema Verna amezeeka, haoni. La pili nilikuwa nalifanya bure, kwa heshima ya marehemu. Na kwa heshima yangu."

"Basi acha. Usiliguse. Fungasha nipe niondoke nayo."

Verna hakufungasha. Alilisogeza shavu la kulia karibu na taa.

"Ngoja kwanza," alisema. "Marlys anataka upara?"

"Ndiyo."

"Upara wa dole gumba la baba yako?"

"Ndiyo, Bi Verna, nipe..."

"Orrin. Dole gumba la mtu aliyeshika bastola hulala upande gani?"

Orrin aliinama kutazama viatu vyake.

"Hulala kushoto!" Verna alisimama. "Kushoto, mpumbavu wee! Mkono wa kulia ukishika, vidole vinazunguka huku, dole linalala kule. Na kushoto nimeshakata! Upara ulikuwepo, nimeuona kwa macho yangu, nimeshinda nao Ijumaa nzima! Nimeuchanja chale ukaisha! Halafu wewe unaniambia hilo sawa?"

"Ni sawa, Bi Verna. Wallahi limetoka vizuri."

"Na huku kulia je? Hapa pana upara pia. Lakini huu ni wa ala. Ala ya ngozi, ule mfuko wa bastola, ndiyo inayoula upande wa kulia, mtu akiivaa kiunoni miaka thelathini. Huo ni upara wa kazi. Dada yako hataki upara wa ala!"

"Mpe hivyo hivyo."

"Nimpe hivyo hivyo!" Verna alimtazama kama anavyotazama mpini uliorekebishwa na mtu mwingine. "Umeshakumbatia trekta, sasa dada yako aende nyumbani na vialmasi. Miaka miwili amembeba baba yenu mgongoni, ameomba kitu kimoja tu duniani, tena kitu ambacho hakipo. Kilichoisha! Anaomba palipoisha! Na mimi nimepajaza."

Hayo maneno ya mwisho aliyasema polepole. Nadhani yalimuuma. Verna haumwi mara nyingi, kwa hiyo hakujua aweke wapi mikono.

Akaiweka kazini.

"Unafanya nini?" aliuliza Orrin.

"Nafanya upara."

"Bi Verna, hapana!"

"Nyamaza. Maisha yangu yote nimefufua vialmasi, leo nitaviua. Nitaviua vizuri kuliko alivyoviua baba yako."

"Uache ulivyo! Mbona umependeza? Nimekusifu, sijakusifu?"

"Hujapata kunisifu tangu ubatizwe. Kaa kwenye ndoo yako."

Wajuaji wa mambo ya mipini watasema kuondoa chale ni kazi rahisi, unachukua msasa unasugua. Ndiyo, na ukitaka mtoto aonekane mzee mpake unga kichwani. Msasa huacha mikwaruzo, na mikwaruzo inasema uongo kwa sauti kubwa. Plastiki ya zamani si mbao. Ukiisugua kwa pupa inapata joto, inavutika kama peremende, na gereji nzima inanuka chanuo lililoungua.

Verna alichukua kipande cha ngozi ya mkanda wa marehemu mumewe. Akakipaka dawa ya meno, ile nyeupe ya kawaida. Akasugua ncha za vialmasi kidogo kidogo, akipuliza, akisugua, akisafisha kwa mswaki, akitazama taa ikipita juu yake. Ncha zikalegea, zikalala, safu zikawa kivuli cha safu. Kisha jivu la jikoni lililochekechwa kwenye soksi. Kisha tone la mafuta. Mwisho kidole chake mwenyewe, kwa sababu hakuna kitu kinachong'arisha kama ngozi ya mtu.

Wala hakubahatisha mahali. Ule upara alikuwa ameshinda nao siku nzima, aliujua kama mama anavyojua kovu la mtoto. Haukuwa juu, pale dole la mpiga risasi linapokaa. Ulikuwa chini, karibu na skrubu. Mpana, mfupi kama haragwe, na mwisho wake mmoja ulikuwa bapa, kana kwamba umekatwa kwa kisu. Ijumaa alikuwa ameushangaa, kisha akaulaani, kisha akauchanja.

Sasa aliurudisha. Haragwe lile lile, bapa ile ile.

Orrin alikuwa anatembea kutoka ukutani hadi ukutani, suruali ikidondosha maji.

"Bi Verna, nakuomba. Chanja tena hapo. Nitakulipa mara mbili."

Verna alisimamisha kidole.

"Orrin Haugen anataka kulipa mara mbili," alisema. "Dunia inaisha, nami sijafua mapazia."

"Sitanii!"

"Hata mimi. Mtu anakutengenezea uongo bure, uongo mzuri, wa kuokoa nyumba yako na trekta yako na ile nyingine isiyowaka, na wewe unautaka ukweli mpya wenye vialmasi? Una nini leo?"

Orrin alifungua mdomo. Changarawe ikalia nje. Gari limesimama.

Akaufunga.

Marlys aliingia na bakuli la viazi vilivyobaki kanisani, kwa sababu Tabor Creek hakuna anayeingia nyumba ya mtu mikono mitupu, hata anapokwenda kugombana. Mwanamke mrefu, mikono mikubwa iliyozoea masufuria ya shule, koti la baba yake mwilini. Alimwona kaka yake, akaona suruali.

"Umekuwa na haraka njiani?"

"Nilikalia ndoo, dada."

"Sawa. Bi Verna, viazi hivi, rudisha bakuli. Bastola ya baba iko wapi?"

Verna alikuwa anakaza skrubu ya mwisho. Alifungua chemba ya risasi akamwonyesha Marlys, tupu, kama sheria ya gereji yake inavyotaka hata kama bastola imeletwa na askofu. Kisha akampa. Akaipeleka makusudi upande wa kushoto ukiwa juu, upara wake mpya ukimeta.

"Nimeisafisha kidogo," alisema, sauti nyembamba isiyokuwa yake. "Vumbi tu. Upara wenu huo hapo."

Marlys aliipokea kwa mikono miwili.

Akaigeuza.

Hakuutazama hata kidogo ule wa kushoto, kazi ya fundi bora kabisa katika kaunti tatu, dawa ya meno, jivu, ngozi ya mkanda wa marehemu. Aliigeuza bastola kama mtu anayegeuza mto apate upande wa baridi. Akaishika kwa mkono wa kushoto, akafumba macho, na dole gumba likateremka lenyewe upande wa kulia, kwenye upara wa ala.

Likakaa.

Bega lake moja likatetemeka, kisha la pili.

"Hapa," alisema. "Ndiyo. Hapa hapa."

Verna alishika meza. "Huko ni ala, Marlys."

"Ala gani?"

"Ala ya kiunoni. Ndiyo iliyoula huko."

"Bi Verna, baba hakuivaa hii kiunoni. Hii ni bastola ya nyumbani, ilikaa kwenye droo mpaka alipoanza kuumwa." Marlys alijifuta pua kwa mkono wa koti. "Kiharusi kiliua mkono wa kulia. Alikuwa akishika kwa kushoto. Dole la kushoto linalala kulia. Si ulikuja kumwona na supu?"

"Nilileta supu."

"Uliiacha mlangoni."

Verna akakaa. Hakukalia ndoo, ana bahati. Alitazama tupa yake pale mezani, kisha lile shavu la kulia chini ya dole la Marlys. Pumzi moja. Ukelele ungechelewa pumzi moja tu, angeupasua upara wa Mzee Arvid chale kwa chale, kwa heshima ya marehemu, bure.

Kuna mafundi ambao hapo wangenyamaza, wakala viazi, wakashukuru Mungu. Lakini Verna alizaliwa na ulimi, akili ikamfuata baadaye.

"Basi nimehangaika bure na huu mwingine!" alisema.

"Upi mwingine?"

"Wa kushoto. Nilikuwa nimeshauchanja. Kaka yako ndiye aliyeniagiza. Nikadhani ndio wa baba yenu, nikaurudisha sasa hivi kwa mkono, bado una joto. Gusa."

Orrin alikohoa. Alikohoa tena, kikohozi cha mtu anayetaka kufunika kengele.

Marlys aliigeuza bastola, akagusa. Ulikuwa na joto kweli.

"Orrin ndiye aliyekuagiza uufute huu?"

"Huo tu. Wa kulia alinikataza. Kaja anapiga kelele kama nguruwe aliyebanwa na geti."

"Huu nilikuwa nauona," alisema Marlys taratibu. "Nilidhani ni wa zamani. Wa enzi mkono wake wa kulia ulipokuwa mzima."

"Hauwezi kuwa wa mpiga risasi." Sasa Verna alikuwa kwenye uwanja wake, hakuna wa kumsimamisha. "Mpiga risasi hushika juu. Huu uko chini. Huu ni wa mtu aliyeketi, bastola gotini, kama baba yako, ila kwa mkono wa kulia. Tena si mtu wa siku moja. Plastiki hii ni ngumu, haiachi chale zake kwa mgeni. Na dole lake lilikuwa la ajabu, fupi, pana, ncha yake bapa kama imekat..."

Hapo akili ya Verna ikaufikia ulimi wake.

Wanawake wawili wakageuka pamoja. Orrin alikuwa ameibana kofia kifuani kwa mkono wa kulia. Dole gumba fupi lilikuwa juu ya kitambaa, likisugua. Likienda na kurudi, mahali pale pale. Hakujua kama linasugua.

Alipoona wanakotazama, likasimama.

"Lete mkono," alisema Marlys.

"Dada..."

"Lete mkono, Orrin."

Akauleta. Marlys alimwekea bastola kiganjani, tupu, nzito, akalikunja dole lile juu ya upara wenye joto. Likaingia kama yai kwenye kiota. Bapa ikakutana na bapa. Fundi bora katika kaunti tatu alikuwa ameitengeneza vizuri kuliko alivyokusudia.

"Ulikuwa unakuja," alisema Marlys.

Orrin aliinamisha kichwa.

"Ulikuwa unakuja kwa baba!"

"Mchana. Ukiwa jikoni shuleni. Gari nilikuwa naliacha nyuma ya ghala."

"Kila siku?"

"Siku za theluji kubwa, hapana."

Basi hapo nawaachia nyinyi mliomcheka Orrin tangu mwanzo, mimi nikiwa wa kwanza, mjitazame kidogo. Mji mzima umemwita mwana mpotevu. Mchungaji ameshamhubiri mara mbili bila kumtaja jina, akimtazama. Naye akaketi benchi la tatu, akaitikia amina.

"Tulikuwa tunakaa tu," alisema Orrin. "Yeye anasugua huku, mimi nasugua kule. Akichoka ananipa, nikichoka nampa. Kama watu wanaovuta kiko kimoja."

Marlys alicheka, machozi yakamwingia mdomoni. Akampiga kaka yake ngumi ya bega, ile ngumi ya kuinulia masufuria, Orrin akayumba.

"Mjinga wewe! Mjinga mkubwa! Miaka miwili nakusema vibaya kwa kila mtu. Nimekusema hadi kwa daktari wa meno! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikatazwa."

"Ulikatazwa na nani?"

"Na baba. Ndiyo maana nilitaka Bi Verna aufute, usije ukauona ukaniuliza."

Marlys bado alikuwa anatabasamu. Dole lake gumba lilikuwa limesharudi kwenye upara wa kulia, limetulia pale kama mtu aliyefika kwake.

"Alikukatazaje? Kwa macho?"

Orrin aliizungusha kofia mkononi.

"Orrin. Baba alikukatazaje?"

"Kwa mdomo, dada."

Verna aliinuka polepole.

"Baba alikuwa hawezi kusema," Marlys alisema, polepole, kama anavyowaambia watoto kwamba chakula kimeisha. "Miaka miwili. Nimemlisha, nimemwogesha, nimemwomba nikiwa nimepiga magoti. Hata jina langu hakulitamka. Alikuwa hawezi kusema, Orrin."

Orrin aliitazama bastola iliyokuwa kati yao, upara wake huku, upara wa baba yake kule.

"Kwako ndiko alikokuwa hawezi," alisema.

Dole gumba la Marlys likatoka kwenye mpini.